Mkato Uliokosa Wino: Ndome, Gĩcandĩ na Uchapaji wa Nyeri

Utangulizi

Historia ya uchapaji katika miji inayouzunguka Mlima Kenya imezoeleka kuelezwa kama historia ya herufi. Husimuliwa jinsi wamisionari walivyoleta mitambo, jinsi lugha ya Gĩkũyũ ilivyopatiwa othografia, jinsi vitabu vya sala na magazeti vilivyofuata, na hatimaye jinsi waandishi wenyeji walivyoitwaa kalamu na kuielekeza walikotaka wao. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yana pengo. Kabla ya herufi ya kwanza ya risasi kufika Nyeri, wenyeji wa huko walikuwa na mapokeo mawili ya kukata alama juu ya kitu kigumu ili alama hizo zibebe maana mbele ya hadhira. Ya kwanza ni ndome, ngao ya ngoma iliyochongwa kwa mbao. Ya pili ni gĩcandĩ, kibuyu kilichochanjwa alama na kuandamana na ushairi wa majibizano.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini mapokeo hayo ya mkato hayakukutana na wino wa matbaa. Palipokuwa na wachongaji, mbao na mitambo ya kuchapia, mtu angetarajia sanaa ya chapa ya mbao izaliwe, kama ilivyozaliwa katika nchi nyingine zilizokuwa na vitu hivyo vitatu. Nyeri haikuwa hivyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kikwazo hakikuwa upungufu wa ustadi wala wa vifaa. Kilikuwa mgawanyo wa kazi ulioingia pamoja na matbaa: neno lilipewa karatasi, picha ikapewa kamera, na mkato ukapelekwa makumbusho. Mgawanyo huo ungali unaathiri namna wahakiki wanavyousoma ushairi wa eneo hilo hadi leo.

Misingi ya chapa ya mbao

Ni vyema kwanza kueleza chapa ya mbao ni nini, kwa kuwa mjadala wote unategemea jambo hilo. Mchongaji huchukua kibao kilicholainishwa, akachora picha juu yake, kisha kwa kisu na patasi akaondoa kila sehemu isiyotakiwa kuonekana. Kinachobaki kimeinuka ndicho kinachopakwa wino. Karatasi hulazwa juu yake na kukandamizwa, na picha ikahamia kwenye karatasi. Hivyo basi, mchongaji wa chapa ya mbao hufanya kazi kwa kuondoa. Mstari mweusi unaoonekana kwenye karatasi ni mbao iliyoachwa, na weupe ni mahali kisu kilipopita. Aidha, picha hutokea ikiwa imegeuka, kulia kuwa kushoto. Kwa sababu hiyo, neno lolote linalotakiwa lisomeke sharti lichongwe kinyumenyume.

Ipo pia njia ya pili, iliyo kinyume cha hiyo. Katika chapa ya mfuo, ambayo kwa kawaida hufanywa juu ya bamba la shaba, wino huingizwa ndani ya mstari uliokatwa na uso wa bamba ukapanguswa. Hapo kinachosema ni mfuo wenyewe. Tofauti hii baina ya mkato unaonyamazisha na mkato unaosema itakuwa na manufaa baadaye.

Tangu mwanzo chapa ya mbao imekuwa sanaa ya kitabu. Nakala ya Sutra ya Almasi iliyochapwa China mwaka 868, iliyopatikana Dunhuang, ina picha na maandishi yaliyochongwa kwenye vibao. Huko Ulaya, Albrecht Dürer aliutoa Ufunuo wa Yohana mwaka 1498, picha zake za mbao zikiwa zinaambatana na matini. Sababu ya kindoa hicho cha picha na neno ilikuwa ya kiufundi. Kibao kilichokatwa kwa kimo sawa na herufi za risasi huweza kufungwa pamoja nazo katika fremu moja na kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Mchongaji na mpanga herufi walikuwa majirani katika ukurasa mmoja. Ujirani huo ulivunjika mwishoni mwa karne ya 19, pale mabamba ya chuma yenye vitone yalipowezesha picha za kamera kuchapwa pamoja na herufi. Tangu hapo mchongaji hakuhitajika tena katika matbaa ya kawaida, na chapa ya mbao ikahamia kwa wasanii walioichagua kwa makusudi.

Ndome: mbao iliyopakwa rangi

W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine Routledge waliishi Nyeri na viunga vyake mwanzoni mwa karne ya 20, na kitabu chao kuhusu Wagĩkũyũ kilichapishwa London mwaka 1910. Miongoni mwa vitu walivyovieleza ni ndome, ngao ya mbao nyepesi iliyovaliwa na vijana kwenye mkono wa juu, karibu na bega, katika ngoma zilizotangulia jando. Ngao hiyo ina umbo refu la duara dufu, na tundu la kupitishia mkono limechongwa kutoka katika gogo lilelile moja. Uso wake umekatwa mistari ya pembepembe inayofuatana kama meno ya msumeno, kisha ukapakwa rangi, hasa nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Mambo mawili kuhusu ndome yanastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa historia ya chapa. La kwanza ni kwamba ruwaza yake ilikuwa alama ya kundi: iliwatambulisha vijana wa eneo fulani na wa rika fulani, na waliocheza pamoja walifanana. Kwa maneno mengine, hapa palikuwa na picha moja iliyorudiwa juu ya mbao nyingi, na thamani yake ilitokana na kurudiwa huko. La pili ni kwamba ngao yenyewe ilirithishwa. Rangi ya waliotangulia ilikwanguliwa na mpya kupakwa ili kibao kiwatumikie wadogo zao. Mbao ilidumu, sura ikabadilika.

Isidhaniwe kwamba ndome ilikuwa kibao cha kuchapia. Hakuna karatasi iliyokandamizwa juu yake, wala haikukusudiwa kuacha nakala. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, na kwa hakika ndicho muhimu: ujuzi unaohitajika na mchongaji wa chapa ulikuwapo. Kuona weusi na weupe kama nguvu mbili zinazosukumana, kuamua kipi kiinuke na kipi kishuke, kuitii njia ya nyuzi za mbao, na kuirudia ruwaza bila kuipotosha, yote hayo yalikuwa elimu ya kawaida katika vilima vya Nyeri kabla ya kuwasili kwa mmisionari yeyote.

Gĩcandĩ: mfuo unaosema

Gĩcandĩ kinaingia moja kwa moja katika uwanja wa fasihi. Ni kibuyu chenye shingo ndefu, kilichotiwa mbegu ndani na kuzibwa ili kitoe mlio kinapotikiswa. Usoni kimechanjwa alama kwa kifaa chenye ncha, na aghalabu kimepambwa kwa kauri. Aliyekishika hughani beti za mafumbo, na mshindani wake sharti ayafumbue na kuendeleza. Aliyeshindwa alikuwa katika hatari ya kumwachia mshindi kibuyu chake. Utendaji huo ulifanyika hadharani, sokoni au penye mkusanyiko, na hadhira ndiyo iliyokuwa shahidi.

Alama za kibuyuni hazikuwa herufi, kwa kuwa hazikuwakilisha sauti za lugha. Wala hazikuwa pambo tupu. Akina Routledge walizitambua kuwa zinahusiana na wimbo wenyewe, na Padre Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Consolata, katika kitabu chake Ndaĩ na Gĩcandĩ cha mwaka 1973, aliziweka alama hizo karibu na beti alizozikusanya. Kila alama ilimkumbusha mghani fumbo au hatua fulani ya safari ya ushairi wake. Lakini maneno yenyewe yalibaki kuwa kazi ya ulimi na ya wakati ule. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Kiswahili Kimani Njogu aliutafiti utanzu huu kwa undani na kuonyesha kwamba kiini chake ni usemezano: shairi halimilikiwi na sauti moja, bali hujengwa baina ya wawili wanaoshindana na kushirikiana papo hapo.

Hapa ndipo tofauti ya aina mbili za chapa inapofaa. Ndome ni ya ukoo wa kibao cha mbao: uso ulioinuka na ulioshuka hushirikiana kuzaa ruwaza. Gĩcandĩ ni cha ukoo wa bamba la shaba: kinachosema ni mfuo. Ila badala ya wino, kinachoujaza mfuo huo ni sauti. Kila mghani aliyekishika kibuyu alitoa, kwa namna ya kusema, nakala mpya kutoka katika mkato uleule, na hakuna nakala mbili zilizolingana. Mchapaji wa karatasi hujitahidi nakala ya 100 ifanane na ya kwanza. Mghani wa gĩcandĩ angeaibika kama ingefanana.

Matbaa ya Nyeri

Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu katika Murang'a mwaka 1902 na baada ya muda mfupi wakajiimarisha Nyeri. Matbaa yao ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoacha athari kubwa kuliko zote. Mwaka 1916 walianzisha gazeti la Wathiomo Mũkinyu, yaani Rafiki wa Kweli, mojawapo ya majarida ya mwanzo kabisa katika lugha ya Gĩkũyũ. Vitabu vya dini na vya shule vilifuata. Mwaka 1933 kitabu cha Padre C. Cagnolo kuhusu Wagĩkũyũ kilitolewa na Shule ya Uchapaji ya Misheni, Nyeri, ambamo vijana wenyeji walifundishwa kazi hiyo.

Kitabu hicho kinastahili kutazamwa kama kifaa, mbali na maudhui yake. Walioipanga matini yake walikuwa Wagĩkũyũ. Walijifunza kuisoma herufi iliyogeuka, kuipanga mistari kutoka upande usio wa kawaida, kuifunga fremu na kupima shinikizo la mtambo. Hayo yote ni nusu ya elimu ya mchongaji wa chapa ya mbao. Nusu ya pili, ile ya patasi na ya ruwaza, ilikuwa katika jamii zao. Hata hivyo nusu hizo mbili hazikuunganishwa. Picha zilizojaa katika kitabu hicho ni za kamera. Ndani ya kurasa zilizopangwa na mikono ya Wagĩkũyũ, Mgĩkũyũ anaonekana kama kitu kilichopigwa picha, pamoja na ngao zake, mapambo yake na vyombo vyake.

Si haki kuwalaumu wachapaji wa misheni kwa nia mbaya. Matbaa ya Nyeri ilizaliwa baada ya mchongaji kuondolewa katika matbaa za Ulaya zenyewe; walileta ufundi wa wakati wao. Lakini matokeo yalikuwa mazito. Katika nchi ambako chapa ya mbao ilitangulia herufi za risasi, picha na neno vilikulia pamoja, na fundi wa kijiji aliweza kuingia kitabuni kupitia kisu chake. Nyeri ilipokea kitabu ambacho mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa. Aliyetaka kuingia aliingia kwa herufi tu.

Karatina na neno la vijitabu

Mlango wa herufi ulipoachwa wazi, uliingiwa kwa kishindo. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu, alianza kuchapisha vijitabu katika miaka ya 1940. Alikamatwa mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, na akakaa kizuizini kwa miaka kadhaa. Baada ya kuachiliwa alirudia uandishi na uchapishaji, na kwa miaka mingi matbaa yake mjini Karatina ilitoa hadithi, vitabu vya kufundishia kusoma na jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi. Shajara yake ya kizuizini ilichapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Aliaga dunia mwaka 2001.

Mchango wa Gakaara hauna budi kuheshimiwa. Kwa mintarafu ya suala linalochunguzwa hapa, hata hivyo, kazi yake inathibitisha jinsi mgawanyo uliotajwa ulivyokuwa umekita mizizi. Ushujaa wa Karatina ulikuwa ushujaa wa neno: othografia, hadithi, wimbo, ushahidi. Kwa matbaa ndogo isiyo na mtaji, kibao kilichochongwa ni njia rahisi mno ya kupata picha. Kwa sababu hiyohiyo Lu Xun aliandaa warsha ya chapa za mbao Shanghai mwaka 1931, na vijana wa China wakaifanya kuwa silaha ya mapambano yao. Karatina ilikuwa na mapambano yake, msomaji wake na mbao zake. Shule ya aina ile haikuzaliwa, kwa kuwa kufikia wakati huo mchongaji na mchapaji walikuwa wameishi mbalimbali kwa takriban nusu karne.

Ulinganisho: Rorke's Drift na Nairobi

Kwamba jambo hilo halikuwa majaaliwa kunadhihirishwa na mfano wa Afrika Kusini. Mwaka 1962 Peder na Ulla Gowenius, kutoka Sweden, walianzisha kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Rorke's Drift. Hiyo pia ilikuwa misheni, ila ilimpa mwanafunzi patasi na linoleamu badala ya herufi za risasi. Azaria Mbatha alizisimulia upya hadithi za Biblia kwa chapa zake, na John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, alichonga maneno na picha ndani ya uso mmoja, sentensi zikizunguka watu na nyumba kama sehemu ya mchoro. Kwa Muafangejo mwandishi na mchongaji ni mtu mmoja, na mhakiki wa fasihi hana njia ya kumsoma bila kumtazama.

Nchini Kenya chapa ya kuchongwa iliota Nairobi badala ya Nyeri. Kituo cha Chemchemi, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya uongozi wa mwandishi Ezekiel Mphahlele, kilikutanisha waandishi na wachoraji, na huko Hezbon Owiti alijitokeza kwa chapa zake za linoleamu. Katika karne ya 21 Peterson Kamwathi amechonga chapa kubwa za mbao zinazohoji siasa za nchi, naye Dennis Muraguri ameifanya matatu kuwa mada yake kuu. Chapa za Muraguri zinafaa kutajwa hapa kwa sababu moja mahususi. Matatu ya Kenya ni chombo kilichojaa maandishi, na anayeyahamishia kwenye kibao hulazimika kuyachonga kinyumenyume. Ujuzi waliofundishwa wapanga herufi wa Nyeri na ujuzi wa wachonga ndome vimekutana hatimaye, lakini barabarani, mbali na matbaa ya vitabu.

Athari kwa uhakiki

Yaliyoelezwa yangekuwa suala la wanahistoria wa sanaa peke yao kama yasingegusa usomaji wa fasihi. Tangu gĩcandĩ kipigwe chapa, wengi wa wanaokijadili wamekijua kupitia ukurasa. Ukurasa huo una fadhila kubwa, kwani beti ambazo zingepotea zimehifadhika. Lakini umeyapanga mambo kwa utaratibu wake. Beti zinafuatana moja baada ya nyingine, ilhali alama za kibuyuni zinauzunguka mwili wa duara usio na mwanzo wala mwisho ulio dhahiri. Ukurasa una mwandishi au mkusanyaji. Kibuyu kina wamiliki wanaobadilika kwa ushindi na ushinde. Ukurasa hutenga kielelezo na matini. Kibuyuni alama ni sehemu ya shairi. Mhakiki anayehesabu vina na mizani katika beti zilizochapwa, akaiacha picha ya kibuyu kama pambo la kitabu, anaurudia bila kujua mgawanyo ulioingia Nyeri pamoja na matbaa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alilihisi jambo hili alipomfanya mghani wa gĩcandĩ kuwa msimulizi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), riwaya iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Kwa kumkabidhi mghani huyo riwaya, aliurudisha usemezano ndani ya kitabu kilichochapwa. Ila alichoweza kukirudisha ni sauti. Mkato ulibaki nje, kwa kuwa riwaya aliyoirithi, na matbaa iliyoichapa, havikuwa na mahali pa kuuweka.

Kazi inayowakabili watafiti, hususan wanafunzi wa shahada za juu, inaonekana wazi. Vibuyu vya gĩcandĩ na ngao za ndome vimo katika hifadhi za makumbusho za Kenya na za Ulaya. Vimeorodheshwa kama vifaa vya mila, chini ya idara ambazo mwanafunzi wa fasihi hazitembelei. Kuvisoma vibuyu hivyo kama matini, alama kwa alama, pamoja na beti zilizokusanywa na wazee wachache wanaoukumbuka utendaji, ni kazi ya mhakiki wa fasihi kama ilivyo kuhariri muswada wa utenzi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Nyeri na miji jirani haikukosa sanaa ya chapa ya mbao kwa sababu ya kukosa wachongaji. Ilikuwa na ndome, iliyofunza kuitawala mbao na kuirudia ruwaza. Ilikuwa na gĩcandĩ, kilichofunza kuuaminia mfuo maana ya shairi. Na tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ilikuwa na matbaa na vijana waliojua kuiendesha. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja ambamo watu hao wangekutana. Ukurasa huo haukutolewa na misheni, na harakati za vijitabu zilipokuja zilikuwa na dharura nyingine.

Kwa hiyo historia ya uchapaji wa eneo hili haiwezi kuanza mwaka 1916. Inaanza pale kisu kilipogusa mbao na kibuyu, na inaendelea kila mara mtu anapokishika kibuyu kile na kukisoma kwa sauti. Mhakiki anayeanzia kwenye herufi atauona mwanzo wa kusoma na kuandika. Anayeanzia kwenye mkato ataona kwamba watu waliofundishwa kusoma mwaka ule walikuwa tayari wasomaji wa kitu kingine, na kwamba kitu hicho bado hakijahaririwa.